Programu za bure ninazotumia kibandani Mtwara, na redio ya babu iliyonishinda kupanga juzuu

FundiChikongola
Wakuu salama. Nina kibanda cha kuweka nyimbo huku Chikongola, Mtwara mjini. Kila siku naulizwa "programu gani ya bure nzuri", nikaona niandike hapa, mtu akiuliza namwonyesha uzi. Kreki, yaani programu ya kulipia iliyovunjwa kufuli, sigusi. Kreki ndiyo iliyoniulia mashine yangu ya kwanza, mafaili yote ya wateja yakafungwa na nikatakiwa nilipe dola ndiyo yafunguke.

Ninazotumia mimi: VLC kucheza chochote mteja anacholeta, 7-Zip kufungua vilivyobanwa, Audacity kukata na kusafisha sauti, MP3Gain kulinganisha ukali wa nyimbo, Mp3tag kurekebisha majina ya ndani. Zote zinakaa kwenye flashi moja ya GB 4 na nafasi inabaki.

Sasa swali lililonileta. Kuna babu wa Mikindani ana kijiredio cha memori kadi, kile chenye tochi mbele, antena imekatika kaifunga waya. Nilimwekea Qur'ani, juzuu 30, kila juzuu faili moja. Akarudi. Redio inacheza juzuu ya 1, inarukia 10, 11, 12, ikifika 19 ndiyo inakuja 2, halafu 20. Nikabadilisha majina, nikaandika 01, 02, 03 mpaka 30. Akarudi tena. Sasa inaanza 30, halafu 1 mpaka 29! Kwenye simu yangu na kwenye kompyuta kadi hiyohiyo inajipanga vizuri kabisa. Babu kaniangalia akasema, "Mjukuu wangu, asiyejua kuhesabu ni wewe au redio?" Nifanyeje?

MingokoMbichi
Siti ya mbele. Mwenye ming'oko na chumvi ya pilipili apite huku, uzi huu hauishi leo.

BodaMkanaledi
Mkuu hiyo redio iko kwenye kuchanganya. Kuna kitufe cha duara, kishikilie sekunde tatu itapiga mlio. Ya kwangu ilikuwa hivyohivyo.

FundiChikongola
@BodaMkanaledi ingekuwa inachanganya, kila siku ingekuja na mpya. Hii inarudia mpangilio uleule, ukizima ukiwasha. 30 kwanza, kila siku.

KisikiChaMkorosho
Mnahangaika na vitu vidogo. Mimi natumia WinRAR ya bure tangu 2009, haijawahi kunisumbua. Na hiyo VLC ni ya Wajerumani, ukiweka kwenye laptopu feni inalia kama mashine ya kupulizia salfa.

Mwalimu wa Nachingwea
Kisiki, kwanza ufunge madirisha msimu wa salfa, hiyo feni yako imejaa dawa ya mikorosho. Nimeshafungua laptopu ya jirani mwezi wa saba, ndani njano tupu kama imepakwa manjano ya pilau.

Pili, VLC ni ya Wafaransa. Ilianza mwaka 1996 kama kazi ya wanafunzi wa École Centrale Paris, waliotaka kurusha video kwenye mtandao wa chuo chao. Ile koni ya rangi ya machungwa ni koni za barabarani ambazo wanafunzi hao walikuwa wakizikusanya. Ikafanywa huria mwaka 2001.

Tatu, WinRAR siyo ya bure. Ni ya majaribio ya siku 40, zikiisha inakukumbusha ulipe na inakuacha uendelee. Wewe umekaa kwenye majaribio tangu 2009. 7-Zip ndiyo ya bure kweli, tangu 1999.

KisikiChaMkorosho
Shikamoo mwalimu. Basi nipo siku ya 40 na kitu.

KilwaMasoko77
Fundi, mara ya kwanza uliweka kwa kompyuta au kwa simu?

FundiChikongola
Ya kwanza kwa simu, umeme ulikuwa umekatika. Ya pili kwa kompyuta.

KilwaMasoko77
Hapohapo. Viredio hivi vya bei rahisi havipangi kitu. Havisomi jina wala namba. Vinacheza faili kwa jinsi zilivyoandikwa kwenye orodha ya ndani ya kadi, aliyetangulia kuingia ndiye anayetangulia kuimba. Simu na kompyuta zinakuonyesha orodha iliyopangwa kwa alfabeti, ndiyo maana unaona ziko sawa. Redio inaona foleni halisi.

Simu yako ilikopi kwa alfabeti: 1, 10, 11... ndiyo foleni ya kwanza hiyo. Mara ya pili nieleze ulivyokopi. Ulichagua zote 30, ukashika na kipanya ukaburuta, sivyo? Ulishika ipi?

FundiChikongola
Aisee. Nilianzia juu nikashuka mpaka 30, nikashikia hapohapo chini nikaburuta.

KilwaMasoko77
Basi Windows inaanza kukopi na ile uliyoishika, halafu inarudi juu. Ndiyo 30 yako ikawa imamu. Fomati kadi kwa FAT32, ule mtindo wa kupanga kadi ambao viredio hivi vinausoma, chagua zote, *shika ya kwanza*, buruta. Usiguse kitu mpaka imalize.

MingokoMbichi
Hii "30 ikawa imamu" nimecheka mpaka wifi kauliza nina nini.

Newala Kilimani
Naona mmeshampa jibu ila siamini ni hilo tu. Mimi nina redio ya gari inafuata namba ya ndani ya wimbo, ile unayoiandika kwa Mp3tag. Nilipanga mafaili kwa majina, ikanigomea. Nikaandika namba ndani, ikafuata. Kwa hiyo fundi angalia namba za ndani pia, huenda aliyerekodi ameandika ovyo.

KilwaMasoko77
Redio ya gari yenye kioo inasoma maandishi ya ndani. Ya babu ina kioo?

FundiChikongola
Ina taa nyekundu moja na namba mbili. Ikifika wimbo wa 100 sijui inafanyaje.

DadaWaRahaleo
Habari zenu. Samahani natoka nje kidogo. Hii MP3Gain inafanya nini hasa? Nina sabufa ya dukani hapa Lindi, wimbo mmoja unanong'ona, unaofuata unamwamsha mtoto wa jirani. Nimeambiwa nibadilishe nyimbo zote ziwe 320 ndiyo zitalingana.

FundiChikongola
Dada, aliyekwambia 320 amekupoteza. Hiyo ni wingi wa data kwa sekunde, haihusiani na ukali wa sauti. Wimbo ukishabanwa kwa 128, kuugeuza 320 ni kuongeza maji kwenye mchuzi ukitegemea nyama iongezeke. Unachoongeza ni uzito: 128 inakula kama MB 1 kwa dakika, 320 inakula zaidi ya mara mbili ya hapo. Kadi ya GB 8 iliyobeba nyimbo 2000 itabeba kama 800, na masikio yako yatasikia kilekile.

MP3Gain inapima kila wimbo halafu inaushusha au kuupandisha bila kuubana upya. Lengo lake la kawaida ni desibeli 89, inakwenda kwa hatua ya desibeli 1.5, na ukitaka kurudisha kama zamani inarudisha. Folda nzima unaipa usiku, asubuhi unakuta tayari.

DadaWaRahaleo
Ahsante sana kaka. 89 ni ndogo kwa duka lakini? Wateja wa huku wanataka kifua kitikisike.

FundiChikongola
Weka 92. Ukizidisha sana nyimbo zinakwaruza, na jirani atahama.

Mzee wa Kaseti
Mimi ni wa Lindi mjini, nina kaseti za marehemu mama, taarabu na maulidi, nyingine alirekodi mwenyewe sebuleni, jogoo anasikika. Niliona Audacity ikitajwa. Nimeunganisha redio kaseti na laptopu kwa waya wa pini mbili, sauti inatoka kama mtu yuko ndani ya pipa. Programu mbovu au mimi?

Mwalimu wa Nachingwea
Mzee wangu, shikamoo. Programu ni nzima. Umechomeka kwenye tundu la maikrofoni, na tundu hilo limetengenezwa kupokea sauti ndogo sana. Wewe unaingiza sauti kubwa ya spika. Punguza redio hadi karibu na chini, angalia mistari ya kijani kwenye Audacity isiguse nyekundu. Laptopu nyingi tundu hilo ni la upande mmoja tu, pande mbili hazipatikani. Kijiboksi kidogo cha sauti cha kuchomeka USB kinatatua, ukihakikisha kina tundu la "line".

Newala Kilimani
Na mchakacho wa kaseti usiuondoe wote. Kuna amri ya kupunguza kelele: unachagua sekunde mbili tatu za ukimya, unamwambia "hii ndiyo kelele", halafu unachagua wimbo wote unamwambia atoe. Mimi nilikazia mpaka mwisho, sauti ya bibi ikawa kama anaimba chini ya maji pale Msimbati. Nusu yake inatosha.

Mzee wa Kaseti
Nitajaribu. Jogoo abaki.

BodaMkanaledi
Jogoo abaki mzee, huyo ndiye mpiga ngoma.

KisikiChaMkorosho
Mimi nimesikia Audacity imenunuliwa, inapeleleza watu.

Mwalimu wa Nachingwea
Umepata nusu. Mwaka 2021 ilichukuliwa na kampuni ya Muse Group, wakaandika masharti mapya kuhusu taarifa za watumiaji, watu duniani wakawaka, masharti yakarekebishwa. Programu bado ni ya bure na bado ni huria, yeyote anaweza kuusoma msimbo wake. Ukiwa na wasiwasi, zima bando ukiwa unakata sauti. Haihitaji intaneti.

KisikiChaMkorosho
Bando la kuzima liko wapi.

Newala Kilimani
Niwape yangu kwa vile mmetaja kurekodi. Mwaka juzi nilirekodi ngoma kijijini, sindimba na nyingine za vijana waliotoka jandoni, kinasa sauti cha mkononi, siku tatu mfululizo. Kurudi Newala nikachomeka kadi kwenye kompyuta ya sehemu wanapochapa barua. Kufika nyumbani kadi imejaa vijifaili vya shotikati, ngoma hamna. Moyo ulinidondoka.

Kijana mmoja akanionyesha mafaili yapo, kirusi kimeyaficha tu. Akafungua lile dirisha jeusi akaandika attrib -h -r -s /s /d pamoja na herufi ya kadi. Nusu yakarudi. Nusu nyingine yalikuwa yamefutwa kweli, ndiyo tukatumia PhotoRec, ya bure, inachimba kadi bila kujali orodha. Ikatoa mafaili 212. Shida sasa: PhotoRec hairudishi majina. Yote yanaitwa f na namba ndefu. Nilikaa wiki nzima nasikiliza moja moja, hii ngoma ya jumamosi, hii ya jumapili, hii mtu anakohoa tu.

KilwaMasoko77
Pole sana mkuu. Kwa majina ungejaribu MusicBrainz Picard, inasikiliza wimbo inautambua yenyewe.

Newala Kilimani
Nilijaribu! Inatambua nyimbo zilizotoka madukani, zilizoingizwa kwenye hazina yao. Sindimba ya kijijini kwetu inaitambua nani? Faili moja iliniambia ni muziki wa Brazili. Nikaizima.

MingokoMbichi
Brazili 😂 wajomba zetu walivuka Ruvuma wakapitiliza.

FundiChikongola
Wakuu mrejesho. Nimefanya kama @KilwaMasoko77 alivyosema. Nimefomati, nimeshika 01, nimeburuta. Redio imeenda 1, 2, 3 bila kuyumba! Babu kachukua, kaondoka anatabasamu.

Kesho yake karudi. Juzuu ya 9 inakatika katikati, faili lenyewe lilikuwa bovu tangu nilikolitoa. Nikafuta, nikaweka lingine zima. Sasa juzuu ya 9 inakuja baada ya 30. Haya, waganga semeni.

KilwaMasoko77
Rahisi. Umeingia mwisho, unapanga mwisho.

Mwalimu wa Nachingwea
Si rahisi hivyo Kilwa. Ukifuta faili, nafasi yake kwenye orodha inabaki tupu na inaweza kutumika tena. Jipya lilipaswa kuweza kukaa palepale pa 9. Fundi, faili la zamani liliitwaje na jipya linaitwaje?

FundiChikongola
La zamani 09.mp3. Jipya nililiweka "Juzuu ya 09 safi.mp3".

Mwalimu wa Nachingwea
Basi ndiyo hivyo. Kwenye FAT jina fupi linachukua mstari mmoja wa orodha. Jina refu linakatwa vipande vya herufi 13, kila kipande mstari wake, juu ya ule wa kawaida. Jina lako lina herufi 20, kwa hiyo linataka mistari mitatu iliyoshikana. Pengo la 9 ni la mstari mmoja. Halikuenea, likapelekwa nyuma.

BodaMkanaledi
Kama abiria watatu kwenye bodaboda.

FundiChikongola
Mwalimu nimefuta, nimeweka upya kwa jina 09.mp3 kabisa, fupi. Bado iko mwisho!

Newala Kilimani
Mimi nilisema. Namba ya ndani. Hilo faili jipya umelitoa kwingine, huenda ndani limeandikwa 31.

FundiChikongola
Nimefungua kwa Mp3tag, ndani hakuna kitu. Tupu.

Newala Kilimani
Tupu ndiyo inakwenda mwisho.

KilwaMasoko77
Redio ya taa moja haisomi ndani, nimeshasema. Mimi naona kompyuta haikurudi kujaza pengo, iliendelea kuandika pale ilipoishia. Toa kadi, irudishe, ufute tena uweke tena.

KisikiChaMkorosho
Kadi feki hiyo. Mimi nilinunua ya GB 64 kwa bei ya sahani ya wali maharage. Nyimbo za mwanzo zinacheza, za baadaye ukimya. Kijana wa chuo akaipima kwa H2testw, inaandika kadi nzima halafu inasoma inaangalia kama kilichoingia ndicho kinachotoka. Kadi ilikuwa na GB 7 na ushee, nyingine zote hewa.

Mwalimu wa Nachingwea
Kisiki leo umesema jambo. Ifanye kabla hujajaza kitu, maana inataka kadi tupu. Wa Linux, ule mfumo wa bure unaokaa badala ya Windows, wana F3, kazi ni ileile.

KisikiChaMkorosho
Naomba hiyo "umesema jambo" iandikwe kwa wino.

DadaWaRahaleo
Jamani mimi sabufa imelingana. Jirani kaja kuuliza kama nimebadilisha spika. Ahsante fundi.

Jipu la Masasi
Nimechelewa. Kwani hamjui Rockbox? Inabadilisha mfumo mzima wa kichezeo, inapanga unavyotaka, inacheza FLAC (sauti iliyobanwa bila kupunguzwa), na ukizima inakumbuka ulipoishia. Mpe babu hiyo.

KilwaMasoko77
Rockbox ni nzuri, imeanza 2001 na wenye vichezeo vya Archos, lakini inaingia kwenye vifaa maalumu: iPod za zamani, Sansa, iRiver na kadhalika. Kiredio cha tochi hakimo.

Jipu la Masasi
Nina iPod ya diski, nimeiokota kwa mtalii Mikindani, ndiyo ninayotumia.

MingokoMbichi
"Nimeiokota kwa mtalii." Haya.

Jipu la Masasi
Aliniachia kwa hiari! Ilikuwa imekufa betri.

Mwalimu wa Nachingwea
Fundi, achana na kufuta na kuweka. Kuna programu inayopanga upya orodha yenyewe ndani ya kadi bila kukopi chochote. Kwa Windows DriveSort, kwa Linux fatsort. Mimi natumia fatsort, nachomoa kadi kwenye mfumo bila kuitoa mashineni, naandika sudo fatsort -n /dev/sdb1, sekunde mbili. Hiyo -n inaifanya ijue 2 inatangulia 10. Uangalie tu herufi ya kadi yako, usije ukaelekeza kwingine.

FundiChikongola
Mwalimu, Linux sina. Unatumia ipi?

Mwalimu wa Nachingwea
Mint, kwenye laptopu ya RAM GB 4. Windows 10 imeachwa kupewa masasisho ya bure tangu 14 Oktoba 2025, na mashine yangu Windows 11 haiitaki. Nilianza na Ubuntu enzi zile wanatuma CD kwa posta bure, huduma ile waliifunga 2011. Zilifika Nachingwea kwenye bahasha, mkuu wa posta akadhani ni filamu.

Na vijana msidhani Kiswahili ni kigeni humu: mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwa mradi wa Kilinux walitoa Jambo OpenOffice, menyu zote Kiswahili. Ndipo nilipojifunzia neno "hariri" kwenye kompyuta.

BodaMkanaledi
Mwalimu kwa hiyo unatuambia ulikuwa mtu mzima 2004.

Mwalimu wa Nachingwea
Nilikuwa na nywele.

Mzee wa Kaseti
Nimetoa kaseti ya kwanza. Nilishusha redio kama mlivyosema, nimepunguza mchakacho nusu. Mama anasikika. Dada yangu yuko Ruangwa nimemtumia, kapiga simu hasemi kitu, analia tu. Ahsanteni wote.

MingokoMbichi
Mzee umetunyamazisha.

FundiChikongola
Hongera mzee wangu. Wakuu, mrejesho wa babu: nimetumia DriveSort. 9 imerudi mahali pake. Ila sasa 14 inachezwa mara mbili, ya pili iko baada ya 22, na kwenye kompyuta 14 iko moja tu.

Newala Kilimani
Namba za ndani.

KisikiChaMkorosho
Kadi feki.

KilwaMasoko77
Ipime kwanza. Na uangalie kama kuna faili lililofichwa, kadi ilipita kwenye Mac ya mtu? Mac inaacha vijifaili vinavyoanza na nukta, redio inavihesabu.

FundiChikongola
Haijapita kwenye Mac, Chikongola Mac ataitoa nani. Babu amekuja tena leo asubuhi lakini hakulalamika. Anasema juzuu ya 14 kuisikia mara mbili hakumpunguzii kitu. Anachotaka sasa nimwekee na taarabu za zamani kwenye kadi hiyohiyo, ila zisichanganyikane na Qur'ani hata kidogo, na redio haijui folda.

KilwaMasoko77
Kadi mbili mkuu.

FundiChikongola
Nimemwambia. Anasema tundu ni moja na macho hayaoni kadi ipi ni ipi.

DadaWaRahaleo
Mfungie moja uzi mwekundu.